Miaka Yangu ya Kusimama Peku Kwenye Mabafu ya Watu

Nilianza kazi hii mwaka ule Wahaya tulipokula ugali kwenye harusi. Mnyauko ulikuwa umeingia migombani, ukipasua shina unakuta usaha wa njano, na watu waliolelewa kwa ndizi wakawa wanakaa mkekani mbele ya sinia la ugali wa mahindi wakitazamana kama wako msibani. Kwenye harusi moja ya namna hiyo, huko Muleba, ndiko nilikoagana na ndugu zangu. Nilipofika Guangzhou, China, nikakuta wenzangu wanakula tambi asubuhi, tambi mchana, na jioni wanasonga unga wa ngano na kuuita ugali. Anayetaka kujua ulikuwa mwaka gani ahesabu kuanzia hapo. Mimi niliishia darasa la nne, tarehe sizikumbuki, chakula nakikumbuka.

Wiki ijayo naondoka, na sirudi. Magoti yamekataa. Ninyi mnaobaki kukagua mizigo ya vigae na mabafu mliniomba niseme kwenye simu mrekodi. Nimekataa, sauti yangu imesharekodiwa vya kutosha, na mtaona kwa nini. Nimeandika kwa kalamu, kwenye daftari. Nilipata nini na nani alinipandisha daraja hamtayakuta humu, kwa sababu hayo hayamfundishi mtu kutazama maji.

Mwanzo nilikuwa kwenye nguo kama kila mtu. Alfajiri nasukumana kwenye soko la Shahe na furushi la magauni kichwani, mchana naenda Liuhua kutafuta viatu vya watoto. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya kushona, na cherehani zilinitetemesha kitanda mpaka meno. Bafu la chumba kile lilikuwa hatua mbili kwa moja. Choo cha kuchuchumaa sakafuni, bomba la mvua juu yake, na sakafu moja tu kutoka mlangoni mpaka ukutani, haina kizingiti wala ukingo. Ukioga, ndala zako zinaelea mpaka chini ya kitanda. Nilidhani ni umaskini wa mwenye nyumba.

Basi siku moja mteja wangu wa magauni, aliyekuwa anajenga nyumba Bukoba mjini, akanitumia picha. "Ma Paskazia," akasema kwenye simu, "nataka bafu la kisasa kama hili. Halina kizingiti. Unaingia kuoga kama unavyoingia sebuleni."

Nikaitazama picha, nikamwambia, "Bafu hilo mimi ninalo hapa Kangle, na mende wake."

Hakucheka. Alitaka vigae, kioo cha kukinga maji, bomba la mvua la kutoka darini na mfereji wa chuma wa kukaa sakafuni. Ndiyo nikapanda basi kwenda upande wa Foshan kwenye maduka ya vigae, na ndiyo nikakutana na Mzee Liang.

Mzee Liang alikuwa fundi wa duka moja huko. Kazi yake ilikuwa kutandika vigae vya maonyesho, kuvibomoa, na kutandika vingine fasheni ikibadilika. Tajiri wa duka, yule wanayemwita laoban, alinionyesha bafu la maonyesho kavu kabisa, limewashwa taa kumi. Nikalisifu. Mzee Liang alikuwa amechuchumaa pembeni anakula wali kwenye bakuli. Akaweka bakuli chini, akanionyesha viatu vyangu kwa kijiti cha kulia, maana yake vua. Nikavua. Akaja na ndoo, akamwaga maji yote sakafuni mbele ya laoban, akaniambia maneno mawili ya kwanza ya Kichina niliyojifunza yasiyohusu bei. "Kan shui." Tazama maji.

Nikatazama. Maji yalisimama kidogo kama yanayofikiri, halafu yakaanza kwenda. Yalikwenda yote ukutani, yakaingia kwenye mfereji mwembamba wa chuma, hakuna tone lililogeuka kuja mlangoni. Laoban alikasirika kwa sababu ya kulowa, mzee akarudi kwenye wali wake. Hilo ndilo darasa langu la tano.

Niliendelea kwenda kwake miaka mingi. Sikulipa ada, nilimpelekea karanga. Alinifundisha kwamba bafu lenye kizingiti linamsamehe fundi mvivu, kwa sababu ukingo unazuia maji hata kama sakafu imelala ovyo. Ukiondoa kizingiti, umeondoa msamaha. Kila hatua moja ndefu sakafu ishuke unene wa kidole, isishuke zaidi maana mzee ataanguka, isishuke pungufu maana maji yatalala. Na ishuke upande mmoja tu, kuelekea ukutani. Kigae kikubwa hakikunjiki. Ukitaka sakafu ishuke pande nne kwenda kwenye tundu la katikati, inabidi vigae vikubwa uvikate kama mikunjo ya bahasha, au utumie vidogo vidogo kama punje. Wateja wetu wanataka vikubwa, na vizima, na tundu katikati. Waambieni hapana kabla ya fundi wao kuwaambia ndiyo.

Chini ya vigae kuna kitu hakionekani kwenye picha. Ni rangi ya kuzuia maji, inapakwa mara mbili na kupanda ukutani mpaka kiunoni. Ikishakauka, unaziba mfereji, unajaza maji, unaacha siku mbili. Mzee Liang aliweka alama ya kalamu ukutani, pale maji yalipofika, na kesho kutwa yake alikuja na miwani kuona kama yameshuka. Nyumbani nimesikia mafundi wakisema jaribio hilo ni uchuro. Halafu kuna maji yanayokaa kwenye shingo ya mfereji kuzuia harufu. Bafu la wageni lisilotumika mwezi mzima, maji yale yanakauka, na mgeni wa kwanza anapokewa na choo cha nyumba nzima. Mwambieni mwenye nyumba amwage kopo la maji kila Jumapili kabla ya misa. Akisema ni kazi kubwa, ajenge bila wageni.

Zana zangu ni hizi: pima maji ya fundi, gololi tatu, ndoo, sabuni ya unga na unyayo wangu. Gololi inakuambia sakafu inashuka wapi. Sabuni na unyayo vinakuambia mtu atasimama au ataanguka. Unalowesha kigae, unanyunyiza sabuni, unavua viatu na soksi, unasimama, unageuka kama unayeosha mgongo. Hakuna karatasi ya kiwanda inayoshinda hiyo. Karatasi nilikuwa sizisomi vizuri hata hivyo.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa nyumba ya wageni ya bwana mmoja Mwanza. Nilimtumia vigae vizuri, mifereji mizuri, sikumtumia mchoro. Fundi wake akaweka mfereji kwenye mlango, kwa hoja kwamba maji lazima yatoke mlangoni kama yanavyotoka nyumba nyingine. Bwana akanipigia.

"Bibi, maji yananifuata kitandani kunisalimia."

"Yaitikie," nikamwambia, "halafu nipe huyo fundi."

Fundi akasema, "Mama, mimi nimejenga mabafu miaka ishirini, yote yana mlango."

Tangu siku hiyo sijafunga kontena bila mchoro wenye mshale mwekundu, mkubwa, wa kuonyesha maji yanakokwenda. Nyumba ile ya wageni ilibomolewa vyumba tisa. Bwana yule hakununua kwangu tena, na sikumlaumu.

Wafanyabiashara wakaanza kuniita Bibi Bafu. Waislamu wa Kariakoo, Wakristo wa bara, Wakongo, wote wakaleta mizigo yao nipitie kabla kontena halijafungwa. Hapo ndipo ilipoanza ile desturi mnayoijua. Mteja nyumbani hataki picha, picha zote zinapendeza. Anataka sauti yangu. Nasimama juu ya kigae, nashika simu, nasema jina la mwenye mzigo, nasema nimesimama, nasema kama naupitisha. Bila sauti hiyo hakuna anayelipia meli. Mtu aliyeishia darasa la nne alikuwa anasubiriwa na wahandisi. Nilijivuna, na sitawaficha, kujivuna kuliniharibu.

Dada yangu Auleria, tuliyenyonya ziwa moja, alikuwa mwalimu. Alipostaafu akajenga, na akataka bafu kwangu. Mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kukokota, kwa hiyo bafu lisilo na kizingiti lilimfaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhudumia. Ila alitaka vigae vya kung'aa. Mnajua kwetu. Sakafu isiyong'aa wageni wanakuuliza utamaliza lini kujenga.

"Paska," akasema, "nataka nikiinama nijione."

Ilikuwa ile miezi ya baridi ambapo kuta za Guangzhou zinatoa jasho na nguo hazikauki wiki nzima. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Dukani walikuwa wamewasha mashine ya kukausha hewa, sakafu ilikuwa kavu kama karatasi. Sikuvua soksi. Sikuomba ndoo. Mzee Liang alikuwa kwake siku hiyo na mimi nilikuwa Bibi Bafu, nani aniulize. Nikasimama nimevaa soksi juu ya kigae kikavu, nikashika simu, nikasema, "Auleria, nimesimama, havitelezi, naupitisha."

Kusimama nilisimama kweli. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata uongo haukuwa.

Alianguka asubuhi, ana sabuni usoni. Nyonga. Nilikwenda nyumbani nikakaa miezi mitatu. Nilimwogesha kila siku juu ya vigae nilivyovipitisha mimi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na kiti nacho kilikuwa kinateleza, nikakitandikia gunia. Maji yalikwenda vizuri ukutani, yote. Mteremko ulikuwa sawasawa. Nilikuwa natazama maji yanavyokwenda ili nisimtazame yeye.

Siku moja akasema, "Vigae vyako vizuri, Paska. Najiona."

Sikujua kama ananisuta. Alikuwa mwalimu, na walimu wanasuta polepole. Hakusema kitu kingine juu ya bafu mpaka alipofariki. Msibani wanawake waliomba kwenda kuliona, wakaingia wawili wawili, wakatoka wanasema ni la kihoteli. Watatu waliniagiza vigae vilevile kabla hatujaanua matanga. Nilirudi Guangzhou nikawanunulia wote vya kukwaruza. Wawili hawanisalimii mpaka leo. Wanasimama, lakini.

Nilimweleza Mzee Liang. Sikuwa na Kichina cha kutosha, nikaonyesha soksi. Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Hakunipa pole. Alikwenda akaleta ndoo, akaiweka mbele yangu, akarudi kazini. Mwaka uliofuata magoti yake yalikwisha kabisa, miaka arobaini ya kuchuchumaa, akarudishwa kijijini kwao kwa gari la mtoto wake. Duka likaweka mashine ya kupima utelezi. Haijawahi kushika kigae chenye maji.

Halafu alikuja Editha. Editha ni mke wa mwanangu Deusi, mama wa wajukuu wangu watatu, na akili yake ni kali kuliko ya Deusi, namwandika hivyo hata Deusi akisoma. Ana stashahada, anasoma Kichina cha kwenye mabango, anabishana na laoban mpaka laoban anaomba maji ya kunywa. Miaka minne nimemfundisha. Anajua gololi, anajua mchoro, anajua siku mbili za maji. Anachukia kuvua viatu mbele za watu. Nilisema atazoea.

Mwezi huu amepata kazi yake ya kwanza kubwa bila mimi. Parokia moja huko kwetu inajenga nyumba ya wazee, mabafu ishirini na nne, yote bila kizingiti, ili mwenye mkongojo na mwenye kiti cha magurudumu waingie bila kubebwa. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni Ta Projesti, mtu wa heshima, mwenye suti. Editha alimaliza yote. Alhamisi alinichukua kwenda stoo, akasema, "Mama, ni kusimama tu na kusema. Kontena linafungwa saa nane."

Niliviona kutoka mlangoni. Viling'aa kama kisima.

"Hivi vya ukutani?" nikauliza.

"Vya sakafuni, Mama. Kamati imechagua. Niliwapelekea vya kukwaruza, wakasema vinafanana na njia ya gereji."

Nikavua viatu, nikavua soksi. Nikaomba ndoo na sabuni. Vijana wa stoo wakasimama kutazama, wananijua. Nikashika bega la Editha, nikapanda. Unyayo haukuteleza hata, uliondoka wenyewe. Kama si bega lake ningekuwa nawaandikia nikiwa hospitali.

Akanishusha kwenye kreti, nikakaa. Alikuwa amebadilika rangi, lakini alisema, "Watatandika mipira, Mama."

"Mpira juu ya mteremko unatembea. Unakwenda kuziba mfereji, maji yanajaa, mzee anakanyaga mpira unaoelea. Umesahau?"

"Sijasahau. Vya kukwaruza vya kipimo hiki mpaka kiwanda kichome vingine, wiki nne. Meli inaondoka. Askofu anakuja kubariki, kadi zimeshagawiwa. Wakikosa, wanampa kazi mtu mwingine, na huyo mtu mwingine atavinunua hivihivi. Tofauti ni kwamba mimi sitakuwepo."

Alisema kweli tupu.

"Siupitishi," nikamwambia. "Uwe mkavu, uwe umelowa, siupitishi."

Akampigia Ta Projesti, akaweka sauti juu. Yule bwana aliniamkia kwa adabu zote, akauliza habari za magoti. Halafu akasema, "Ma Paskazia, wazee wetu wamekaa kwenye vumbi maisha yao yote. Nao wanastahili kung'aa."

"Wazee hawaogi kwa macho, Ta Projesti."

"Kuna wauguzi watakaowashika."

"Wangapi?"

"Wawili," akasema. "Kwa zamu."

"Kwa mabafu ishirini na nne."

"Ma Paskazia, sisi si watoto. Hatuhitaji ruhusa yako. Tunahitaji sauti yako kwa sababu wafadhili wameizoea. Ukikataa, tutaona Editha hana mtu nyuma yake, na huku kwetu habari zinasambaa, wewe unajua. Unamfungia mlango mama wa wajukuu zako."

Editha alikuwa anatazama sakafu. Vijana wa stoo hawaelewi Kiswahili lakini walitazama sakafu pia. Niliwafikiria wale wajukuu watatu, na karo yao, na Deusi ambaye gari lake liko juu ya mawe tangu mwaka jana. Niliwaza pia kwamba naondoka, kwamba wiki ijayo mimi ni bibi tu, na sauti ya bibi wa kijijini hakuna meli inayoisubiri. Ningeweza kusema nimesimama. Nilikuwa nimesimama.

"Mama," Editha akasema polepole, "sikuombi useme havitelezi. Sema umeviona. Sema neno lolote zuri, mimi nitajua la kufanya." Akachuchumaa mbele yangu kwenye maji ya sabuni, kanga yake ikalowa, akafungua simu mahali pa kurekodia sauti. Akaisogeza karibu na mdomo wangu. Ni mkono nilioufundisha mimi kushika pima maji.

Nikataja jina la parokia. Nikataja jina la aliyenunua mzigo, Editha, mkamwana wangu, ili wajue ninamkatalia nani. Kisha nikasema:

"Siupitishi. Uwe mkavu, uwe umelowa, siupitishi."